Kutoka Kijiti hadi Kalamu: Nyanza Kusini katika Historia ya Chama cha Riadha cha Kenya

Tarehe 1 Juni 2025 Kenya ilisherehekea Madaraka mjini Homa Bay. Umati ulijaa katika Uwanja wa Raila Odinga, na kwa siku moja mji huo wa kando ya ziwa ukawa ndio kitovu cha taifa. Sherehe ikaisha, wageni wakarejea makwao, na uwanja ukabaki na wenyeji wake. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu uwanja usio na chama cha kuuendesha ni kiwanja cha nyasi chenye viti.

Mkimbiaji ndiye anayeonekana. Nyuma yake wapo watu wasiopigiwa makofi: anayepima mistari, anayeshika saa, anayeandika majina, na katibu anayehakikisha kwamba orodha ya timu imefika inakotakiwa kabla ya siku ya mwisho. Makala haya yanawakumbuka watu hao kupitia chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1951 na ambacho leo kinaitwa Athletics Kenya. Yanamkumbuka hasa mmoja aliyezijua kazi zote mbili, ya kukimbia na ya kuandika: Robert Ouko, bingwa wa Olimpiki aliyekuja kuwa katibu wa chama. Wasomaji wengi wakisikia jina hilo humkumbuka Dkt. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje aliyeuawa Februari 1990. Huyu ni mwingine, na historia yake inastahili kusimuliwa kwa jina lake mwenyewe.

Wilaya moja, vilima na ziwa

Ouko alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1948 huko Manga, katika vilima vya Gusii. Wakati huo Manga, Homa Bay na Migori zilikuwa chini ya wilaya moja. Serikali ya kikoloni iliita sehemu hiyo Kavirondo Kusini, kisha Nyanza Kusini, na makao yake yalikuwa Kisii. Mkuu wa wilaya aliyeketi Kisii alitawala wakulima wa Gusii, wavuvi wa Mbita na Karungu, na wafugaji wa Kuria hadi mpakani mwa Tanganyika. Kabla ya uhuru Kisii ikatengwa ikawa wilaya yake, na Homa Bay ikawa makao ya Nyanza Kusini iliyosalia. Baadaye Migori nayo ikajitenga, na tangu mwaka 2013 kila moja ni kaunti yenye gavana wake.

Ramani ya riadha haikufuata mgawanyo huo. Katika mpangilio wa chama, Kisii, Nyamira, Homa Bay na Migori bado ni eneo moja la Nyanza Kusini. Mtoto anayeshinda mbio Kehancha na mwenzake anayeshinda Oyugis wanaweza kukutana katika mashindano ya eneo wakiwa na wenzao wa Manga, kabla ya kwenda mchujo wa kitaifa. Kwa hiyo historia ya riadha ya Homa Bay na Migori haiwezi kuandikwa bila vilima vya Gusii, na ya Gusii haiwezi kuandikwa bila wilaya iliyowalea wote pamoja.

Jiografia nayo ina neno lake. Uso wa Ziwa Viktoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Vilima vya Gusii vinapanda kupita mita 1,700, na Iten, kule Bonde la Ufa, iko karibu mita 2,400. Umaarufu wa mbio ndefu ulikwea milima. Kando ya ziwa mpira wa miguu ndio ulioteka mioyo. Klabu ya Gor Mahia ilichukua jina la shujaa wa Kanyamwa, Ndhiwa, na SoNy Sugar ya Awendo ikatwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Mtoto mwenye mbio katika Nyatike au Rangwe mara nyingi alipewa mpira kabla ya kupewa njia ya kukimbilia.

Mwaka 1951 na safari za kwanza

Chama kilipozaliwa mwaka 1951, Kenya ilikuwa koloni. Kilijulikana kwa herufi KAAA, na moja ya zile A tatu ilisimama kwa neno lenye maana ya ridhaa: mchezo usiolipwa. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Derek Erskine. Archie Evans, afisa wa michezo wa koloni, ndiye aliyefanya kazi ya kuunganisha mashindano ya wilaya na mikoa hadi yakatoa timu moja. Shule, polisi, jeshi na magereza ndizo zilizokuwa vyanzo vya wakimbiaji, na hadi leo idara hizo ni nguzo za chama.

Nyanza Kusini ilikuwapo tangu mwanzo. Nyandika Maiyoro, mwana wa Gusii, alikwenda Antananarivo mwaka 1953 kwa mashindano ya nchi za Bahari ya Hindi. Inasimuliwa kwamba aliingia uwanjani wenzake wakiwa wameshaondoka, akawafuata, akawapita, akashinda. Watu huikumbuka hadithi hiyo kama ushahidi wa miguu yake, na kweli ni ushahidi. Lakini ina fundisho la pili kwa wenye ofisi: mkimbiaji aweza kuifidia dakika aliyochelewa, ila fomu iliyochelewa hakuna miguu itakayoifidia.

Mwaka uliofuata Maiyoro na Lazaro Chepkwony walikimbia London, kisha Maiyoro akawa wa nne katika maili tatu kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola huko Vancouver. Mwaka 1956 Kenya ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne, naye akamaliza wa saba katika mita 5,000. Miaka minne baadaye, Roma, akawa wa sita. Mwaka 1958 Arere Anentia, naye wa Gusii, alileta shaba ya maili sita kutoka Cardiff.

Medali ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 ya Wilson Kiprugut, ilipatikana Tokyo mwaka 1964. Dhahabu ya kwanza ikafuata tarehe 13 Oktoba 1968, Mexico, pale Naftali Temu wa Mugirango Kaskazini alipomshinda Mamo Wolde wa Ethiopia katika mita 10,000 kwa dakika 29, sekunde 27.4. Kipchoge Keino na Amos Biwott wakaongeza nyingine mbili. Mwaka huo huo wanawake wa Kenya, Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire, walikimbia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Chama cha miaka 17 tu kilikuwa kimeipeleka nchi changa mbele ya ulimwengu.

Munich, tarehe 10 Septemba 1972

Ouko alijitokeza katika kizazi kilichofuata. Mwaka 1970, Edinburgh, alishinda mita 800 za Jumuiya ya Madola, kisha akatwaa dhahabu ya pili katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wakimbiaji wanne. Yeye na Julius Sang walisoma Durham, Marekani, katika chuo cha North Carolina Central, chini ya kocha LeRoy Walker. Walker alizifunza timu za mataifa kadhaa, Kenya ikiwemo, na mwaka 1992 akawa rais wa kwanza mweusi wa kamati ya Olimpiki ya Marekani. Huyo ndiye mwalimu aliyemfunza Ouko: mtu wa uwanjani aliyeijua pia njia ya kuelekea ofisini.

Michezo ya Munich ilikuwa ya majonzi. Tarehe 5 Septemba watu wenye silaha waliivamia timu ya Israeli, na Waisraeli kumi na mmoja wakapoteza maisha. Michezo ikasimamishwa, kisha ikaendelea. Kabla ya uvamizi huo, katika mita 800, Mike Boit alikuwa amepata shaba na Ouko akawa wa tano. Siku chache baadaye Wamarekani Vince Matthews na Wayne Collett walipigwa marufuku kwa mwenendo wao jukwaani wakipokea medali za mita 400, na Marekani ikakosa watu wa kuunda kikosi cha vijiti.

Kenya ilikuwa na watu wake. Charles Asati alianza, akampa Hezekiah Nyamau, Nyamau akampa Ouko, Ouko akampa Sang. Watatu wa kwanza ni wana wa Gusii na wa nne ni Mnandi. Sang alipokea kijiti akiwa nyuma, akakimbia sehemu yake kwa chini ya sekunde 44, akamaliza wa kwanza. Dakika 2, sekunde 59.8. Uingereza ikawa ya pili na Ufaransa ya tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya Afrika kushinda dhahabu ya vijiti katika Olimpiki, na hadi leo Kenya haijapata nyingine.

Itazame mbio hiyo kwa jicho la ofisi. Eneo la kupokezana lina urefu wa mita 20. Kijiti kikibadilisha mikono kabla au baada ya hapo, mwamuzi huinua bendera ya manjano na kazi ya wanaume wanne hufutwa. Wa tatu ana mzigo wa pekee, kwa sababu hapokei makofi ya kuanza wala ya kumaliza. Hupokea alichoachiwa na kumkabidhi anayefuata kikiwa salama. Sioni maelezo bora ya kazi ya katibu wa chama, na Ouko aliifanya kwa miguu kabla ya kuifanya kwa kalamu.

Katibu wa miaka ya 1980

Wanariadha wa rika lake walikosa Olimpiki mbili. Kenya ilisusia Montreal mwaka 1976 na Moscow mwaka 1980, na kwa miaka kumi na miwili hapakuwa na Mkenya kwenye mstari wa kuanzia wa Olimpiki. Walioumia zaidi ni wanariadha waliokuwa katika ubora wao, wakaupitisha nyumbani. Katika miaka hiyo ya 1970 Prof. Sam Ongeri, naye kutoka Gusii, alikuwa mwenyekiti wa chama.

Ouko alishika ukatibu katika miaka ya 1980, wakati mchezo wenyewe ulikuwa unabadilika sura. Mwaka 1982 shirikisho la dunia liliruhusu wanariadha kuwekewa fedha katika akaunti za amana. Mwaka 1985 likaanzisha msururu wa mashindano ya Grand Prix. Ridhaa ilikuwa inaondoka na malipo yanaingia, na chama kilichojengwa kwa ajili ya askari na walimu wanaokimbia jioni kilipaswa kujifunza upya. Nani atatoa kibali cha kwenda kukimbia Ulaya? Mwanafunzi aliyeko chuo cha Marekani ataitwaje nyumbani kwa mchujo? Wakala ana haki gani, na chama kina haki gani? Maswali hayo yaliletwa mezani kwa katibu, na mwenye kiti hicho alikuwa mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi huyo huyo wa ng'ambo.

Muongo huo ulizaa matunda makubwa. Mwaka 1986, Neuchâtel, wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa timu katika mbio za nyika za dunia, na hawakuuachilia hadi 2003, ubingwa kumi na nane mfululizo. Mwaka 1987 Nairobi ilipokea Michezo ya Afrika Nzima katika uwanja mpya wa Kasarani. Mwaka huo huo, Roma, Billy Konchellah, Paul Kipkoech na Douglas Wakiihuri walikuwa mabingwa wa dunia. Seoul, mwaka 1988, riadha pekee ilileta dhahabu nne: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki.

Ushindi huo ni wa waliokimbia na waliowafunza. Ila kila jina katika orodha hiyo lilipita kwenye karatasi kabla ya kupita kwenye utepe. Kulikuwa na mchujo wa kuandaliwa, muda wa kufuzu wa kuthibitishwa, pasipoti za kufuatiliwa na nauli za kuombwa serikalini. Kulikuwa na waamuzi wa kufundishwa kwamba njia ya kwanza ya uwanja hupimwa sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani, na kwamba upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde rekodi ya mita 100 haihesabiwi. Hata marathoni hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio gurudumuni, na huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili njia isije ikawa fupi. Mtu akiyadharau hayo, mkimbiaji ndiye anayelipa.

Njia hiyo ya kutoka uwanjani hadi ofisini haikuwa ya Ouko peke yake. Mike Boit alikuja kuwa kamishna wa michezo, na Kipchoge Keino akaiongoza kamati ya Olimpiki ya Kenya. Ukivuka mpaka wa Isebania kuingia mkoa wa Mara, unamkuta Suleiman Nyambui wa Majita, mwenye fedha ya mita 5,000 ya Moscow 1980, aliyekuwa baadaye katibu mkuu wa chama cha riadha cha Tanzania. Ziwa lile lile, pande mbili za mpaka, limetoa makatibu wawili wenye medali za Olimpiki.

Jengo la Riadha na siku za aibu

Isaiah Kiplagat alichukua uenyekiti mwaka 1992. Chini yake jina la KAAA lilibadilishwa likawa Athletics Kenya, neno la ridhaa likaanguka, na chama kikapata makao yake, Riadha House, jijini Nairobi. Mombasa iliandaa mbio za nyika za dunia mwaka 2007. Wanawake, waliosubiri muda mrefu, walipata medali yao ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1996 kupitia Pauline Konga, na dhahabu ya kwanza mwaka 2008 kupitia Pamela Jelimo.

Historia ya kumbukumbu inayoficha aibu haimsaidii mtu. Agosti 2015, Beijing, Kenya iliongoza jedwali la medali la mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza, ikiwa na dhahabu saba. Novemba mwaka huo huo wanariadha waliivamia Riadha House, wakafunga milango na kuwazuia viongozi kuingia, wakidai majibu kuhusu fedha na dawa zilizopigwa marufuku. Siku chache baadaye shirikisho la dunia liliwasimamisha viongozi watatu wa juu kuhusu fedha za udhamini wa Nike. Kiplagat alifariki mwaka 2016 kabla ya hukumu. Joseph Kinyua aliondolewa lawama. Mwaka 2018 David Okeyo, aliyewahi kuwa katibu mkuu na kisha makamu wa rais, alifungiwa maisha.

Miezi mitatu tu ilitenganisha kilele na aibu. Miguu iliyoshinda Beijing haikuwa na kasoro ya kuihusisha na vitabu vya hesabu, lakini jina la nchi lilichafuka kwa vitabu hivyo. Mwaka 2016 sheria ya kupambana na dawa haramu michezoni ilipitishwa na wakala wake ukaundwa. Chini ya mrithi wa Kiplagat, Jackson Tuwei, chama kiliandaa mashindano ya dunia ya vijana Nairobi mwaka 2017 na tena mwaka 2021. Kujenga upya kunawezekana, ila hakuna haja ya kubomoa kwanza.

Deni la Homa Bay na Migori

Kaunti hizi mbili zina maeneo bunge kumi na sita, manane kila moja, kutoka Kasipul hadi Kuria Mashariki. Katika kila moja kuna shule, na katika kila shule kuna mtoto mwenye mbio. Kinachopungua ni mnyororo unaomtoa pale hadi mchujo wa kitaifa: mwalimu mwenye saa ya kupimia, afisa anayejua kanuni, kitabu cha matokeo kinachohifadhiwa, na bajeti ya basi. Gusii ilitoa mabingwa watatu wa kijiti cha Munich kutoka wilaya ile ile. Kando ya ziwa hakuna uhaba wa damu wala wa mapafu, na joto la nyanda za chini si kikwazo kwa mbio fupi wala mbio za vijiti, ambazo Kenya inazihitaji sana.

Kwa hiyo serikali za kaunti zisiishie kwenye ukuta na viti. Ziwape walimu wao mafunzo ya uamuzi wa riadha, ziwapeleke wakafanye mitihani ya chama, na ziwatumie. Eneo la Nyanza Kusini nalo liwazungushe wenyeji wa mashindano yake, Kisii leo, Migori kesho, Homa Bay kesho kutwa, ili kila upande ujifunze kuandaa. Na wenye kushika fedha za mchezo, ngazi yoyote ile, wazitangaze wazi mbele ya wanariadha wenyewe, kwa kuwa tumeshaona gharama ya kutofanya hivyo.

Robert Ouko alifariki tarehe 18 Agosti 2019, akiwa na umri wa miaka 70. Aliacha dhahabu ya vijiti ya Olimpiki iliyo peke yake katika historia ya nchi, na mfano wa mtu aliyetoka kwenye zamu ya tatu ya kijiti akaingia kwenye meza ya katibu bila kuona kwamba ameshuka cheo. Mwalimu wa michezo wa Nyatike, wa Mbita, wa Ntimaru: Jumamosi watoto wakikimbia, andika jina, andika muda, andika tarehe, na uhifadhi karatasi. Chama huanzia hapo.